Malaika, Dolly na daftari la ami

Jumapili usiku. Dahalia imetulia, wenzangu wameshalala, na mimi ndo kwanza nimetua begi. Nimerudi na boti ya leo kutoka Pemba, bahari ilikuwa imechafuka na tumbo langu bado halijakaa sawa. Kesho kuna semina saa mbili asubuhi na sijasoma hata ukurasa mmoja. Lakini kuna jambo limenikaa kichwani tangu Ijumaa na nisipoliandika silali. Kwa hiyo wapenzi wasomaji, kaeni mkao wa kusoma. Leo somo letu la historia ni nyimbo mbili za mapenzi.

Ijumaa tulikuwa na harusi nyumbani Wawi, binti wa mama yangu mkubwa. Usiku wa ukumbini, wanawake watupu, hina na piko hadi kwenye viwiko, ubani umejaa mpaka macho yanawasha. Biarusi akaingia taratibu, watu wote wamesimama, simu juu juu zinapiga picha, na wimbo uliowekwa ni ule wa Whitney Houston, I Will Always Love You. Vigelegele! Mwenzenu machozi yakanilenga. Bibi yangu alikuwa amekaa ubavuni pangu, kanga mabegani, akaninong'oneza:

"Huyu mbona anaimba kama kafiwa? Anasema nini?"

Nikamtafsiria kwa ufupi tu. Nikamwambia bibi, anasema anampenda mwenzake na hataacha kumpenda, ila anaondoka, sasa anamuaga na kumuombea heri.

"Anaondoka anakwenda wapi? Ndo kwanza kaolewa leo!"

Safu yetu nzima ikaangua kicheko. Bibi akaagiza uwekwe wimbo wa Kiswahili, angalau tusikie maneno. Msichana aliyekuwa anasimamia muziki akatafuta tafuta, akaweka Malaika. Watu wakafurahi, wote tunaujua. Bibi akausikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa. "Na huyu naye hana mahari. Harusi gani hii jamani?"

Nilicheka, lakini kwenye boti leo nikawa nauwaza ule usemi wa bibi. Ni kweli kabisa. Nyimbo mbili tunazozipenda kuwekea maharusi, zote mbili ni za watu waliokosana na wapenzi wao. Moja ni ya anayeondoka, nyingine ni ya asiyekuwa na uwezo wa kuoa. Zimefikaje ukumbini Wawi? Na wale walioumia mpaka wakazitunga ni nani?

Naanza na ule wa mbali, maana historia yake imenyooka na karatasi zake zipo.

Wengi tunadhani ni wimbo wa Whitney. Mwenyewe hasa ni Dolly Parton, mwanamke wa milimani Tennessee, Marekani, aliyezaliwa 1946 kwenye nyumba ya watoto 12. Muziki wake ni kantri, yaani muziki wa watu wa mashamba wa kule. Wazee wetu wanaoujua Jim Reeves kutoka redioni watakuwa wameshanielewa: gitaa, sauti ya upole, na hadithi ya mtu mwenye shida yake.

Mwaka 1967 Dolly alichukuliwa na Porter Wagoner, mwanamuziki aliyekuwa na kipindi chake cha televisheni. Porter ndiye aliyemtoa. Wakaimba pamoja miaka kama 7, lakini binti akakua, akataka kusimama mwenyewe, na bwana hataki. Wakawa wanagombana kila siku. Dolly anasimulia kwamba alipoona maneno ya kawaida hayasikilizwi, alikwenda nyumbani akaandika wimbo, kesho yake akamuimbia Porter ofisini kwake. Porter akalia, akamruhusu aende. Hiyo ni 1973. Ukatoka 1974 na ukashika namba moja kwenye chati ya kantri Marekani.

Kwa hiyo bibi alisikia sawasawa. Ni wimbo wa kuaga. Tena si wa kumuaga mume wala mchumba, ni wa kumuaga bosi! (Na bosi hakutulia, 1979 alimshitaki Dolly mahakamani akidai mamilioni, wakaja kupatana nje ya mahakama. Alipokaribia kufa 2007 Dolly alikuwa miongoni mwa waliokwenda kumuona.)

Sasa ipo sehemu moja ya hadithi hii ambayo ningependa kila msanii wa Zanzibar aisikie. Katikati ya miaka ya 1970 Elvis Presley alitaka kuuimba wimbo huu. Elvis mwenyewe! Dolly alifurahi mpaka akawaambia watu. Karibu na siku ya kurikodi, meneja wa Elvis, Colonel Tom Parker, akampigia simu akamwambia kwamba Elvis akirikodi wimbo wa mtu, basi nusu ya haki ya utunzi inahamia upande wao. Dolly akasema hapana. Anasema alilia usiku kucha, na watu walimuona mwendawazimu. Lakini hakusaini.

Ikaja 1992. Whitney Houston anacheza filamu ya The Bodyguard na Kevin Costner. Wimbo waliokuwa wameupanga ulikuwa umeshatumika kwenye filamu nyingine, ikabidi watafute mwingine, ndipo wakauokota huu. Waliusikiliza kwenye toleo la Linda Ronstadt la 1975, ambalo halikuwa na ubeti wa mwisho. Mtayarishaji, David Foster, alipoongea na Dolly ndipo akajua kuna ubeti umebaki nyuma, ule wa kumtakia mwenzako mema. Dolly kwenye rikodi yake anausema kama anazungumza, haimbi. Whitney akauimba. Costner naye akashikilia kwamba mwanzo usiwe na chombo hata kimoja, sauti tupu. Mnajua wenyewe kilichotokea. Wiki 14 namba moja Marekani, na albamu ya filamu ikauza zaidi ya nakala milioni 40 duniani.

Dolly aliuimba kama mtu anayefunga mlango polepole ili wa ndani asiamke. Whitney aliuimba kama mtu aliyesimama uwanja wa Gombani bila spika na anataka asikike Chake mjini. Maneno ni yale yale. Ila kwa Whitney mtu husikii tena kwamba anaondoka, unasikia lile neno la kupenda tu. Ndo maana tukauweka harusini. Wairaqi nao waliwekewa toleo lake la Kiarabu kwenye kampeni ya Saddam Hussein 2002, sasa hapo sijui nani alikuwa anamuaga nani.

Whitney alifariki 11 Februari 2012. Dolly, kwa sababu hakusaini ile karatasi ya 1975 au hapo karibu, aliendelea kupata mirabaha. Mwaka 2021 alisema kwamba sehemu ya pesa hizo alinunulia jengo kwenye mtaa wa watu weusi Nashville, kwa kumheshimu Whitney.

Haya, tuvuke bahari turudi kwetu. Malaika.

Hapa ndugu zangu mambo si marahisi. Ukiuliza nani kautunga, jibu linategemea umemuuliza nani. Aliyeupeleka kwenye rikodi ukajulikana ni Fadhili William, kijana wa Kitaita kutoka Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kundi lake la Jambo Boys. Baadaye akaurudia kwenye studio ya Equator, Nairobi, iliyokuwa ya Mwingereza Charles Worrod. Fadhili alisema ni wake. Lakini Adam Salim naye alisema ni wake, kautunga miaka ya 1940 Nairobi. Hadithi inayosimuliwa ni kwamba alimpenda msichana, wazazi wa msichana hawakumtaka kwa sababu hana kitu, binti akaozwa mtu mwenye fedha. Akabaki na wimbo. Grant Charo wa Kenya naye ametajwa. Lucas Tututu wa Mombasa pia. Wimbo mmoja, wanaume wanne, kila mmoja analo lake la kusema.

Kilichompa Fadhili nguvu ni karatasi. Yeye ndiye aliyeuandikisha kwa jina lake. Tukumbuke zama zile studio nyingi zilimlipa mwanamuziki mkupuo mmoja, akishaimba anapewa chake mkononi anaondoka, na mtu aliyetunga wimbo kwenye gitaa lake barazani hakuwa na mazoea ya kwenda kuuandikisha mahali. Wimbo ulikuwa kama embe la njiani, anayepita anachuma.

Na waliopita walikuwa wengi. Wa kwanza mkubwa ni Miriam Makeba wa Afrika Kusini. Yeye mwaka 1960 alikuwa Marekani, mama yake akafa, akataka kurudi kuzika, serikali ya makaburu ikamfutia pasipoti. Hakurudi kwao mpaka 1990. Katika miaka hiyo nchi mbalimbali zilimpa pasipoti, Tanzania ikiwemo. Kenya alifika 1962. Malaika akaufanya mmoja wa nyimbo zake kubwa, na 1965 ukatoka kwenye albamu yake na Harry Belafonte, iliyopata tuzo ya Grammy mwaka uliofuata.

Kutoka hapo ukawa wa kila mtu. Mwaka 1967 waliurikodi Hep Stars wa Sweden, kundi alilokuwemo Benny Andersson kabla ya ABBA. Mwaka 1981 Boney M. wa Ujerumani wakaufanya wa disko. Mwaka 1991 Angélique Kidjo wa Benin akauweka kwenye albamu yake ya Logozo. Waimbaji wengi kati yao hawajui Kiswahili, na masikio yetu yanasikia, neno linavutwa pasipovutwa, silabi inapotea. Tunawasamehe. Nani kati yetu alikuwa anajua Kiingereza cha Whitney?

Lakini kuna kitu kimoja ambacho mimi nilikuwa sijakiona mpaka bibi aliposema lile neno la mahari. Wimbo ule ni wa mwanamume. Analia kwamba angeoa lakini mali hana. Sasa ulienda duniani kwenye mdomo wa Makeba, na wa Kidjo, wanawake. Mwanamke wa wapi analalamika kwamba kakosa mahari ya kuoa? Kwetu mahari ni haki ya mwanamke, yeye ndiye anayepokea. Kwa hiyo Makeba alipokuwa anauimba Marekani yale malalamiko ya posa hayakuwa yake. Mimi nikimsikiliza sasa namsikia mtu aliyetenganishwa na kwao. Anakitaka kitu na hana uwezo wa kukifikia. Hiyo ni tafsiri yangu, msinichukulie kama ushahidi mahakamani. Ila nadhani ndiyo sababu wasiojua Kiswahili nao waliuelewa.

Na hapa ndo panaponichoma. Wimbo unaolia kwamba mtunzi hana pesa umezunguka dunia nzima kwa pesa. Dolly aliweza kusema hapana kwa Elvis kwa sababu kulikuwa na karatasi ya kukatalia. Fadhili William alikufa 11 Februari 2001 (tarehe na mwezi ule ule wa Whitney, tofauti ya miaka 11) na ubishi wa nani mwenyewe haujaisha. Ungekuwa umemkuta Adam Salim mwaka 1946, ungemwambia akaandikishe wapi?

Watu watasema sasa sheria zipo. Ni kweli. Bara wana Sheria ya Hakimiliki ya 1999, Zanzibar tuna yetu ya 2003. Lakini tatizo letu sisi watu wa taarabu ni jingine, na nalijua kwa sababu limo nyumbani kwetu.

Kwenye taarabu asili kuna mtu anayetunga shairi, kuna anayelitia muziki, kuna anayeimba. Anayejulikana ni anayeimba. Siti binti Saad alipokwenda Bombay 1928 kurikodi santuri, hakwenda peke yake, alikuwa na wenzake akina Mwalim Shaaban, Subeti, Buda na Mbaruk. Wangapi tunawataja? Siti mwenyewe tunamjua vizuri kwa bahati ya kuwa Shaaban Robert alikaa akaandika wasifu wake. Siti alifariki 1950, na nyimbo zake zikabebwa na Bi Kidude mpaka naye alipofariki 2013, na wageni wengi waliokuja kumsikiliza Bi Kidude walidhani zote ni zake. Hakuiba. Ndivyo nyimbo zinavyokwenda kwetu, kwa mdomo.

Na mtunzi wa kwetu mara nyingi hataki kutajwa. Shairi la mapenzi lina mtu. Ukisema mimi ndiye niliyetunga, mtaa mzima utauliza ulimtungia nani. Wawi si Nashville. Dolly alisimama akasema wimbo huu nilimwandikia Porter, watu wakapiga makofi. Hapa kwetu ukisema hivyo kesho unaitwa na wazee.

Ami yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mtunzi. Mchana alikuwa mkulima kama wengine, msimu wa karafuu yumo juu ya mkarafuu, jioni sisi watoto tunachambua makonyo barazani na yeye kakaa pembeni na daftari, anaandika kwa herufi za Kiarabu. Akiulizwa anaandika nini anasema hesabu za pishi. Tukawa wakubwa ndo tukajua hesabu gani. Shairi lake moja lilichukuliwa na kundi fulani, likatiwa muziki, likaimbwa miaka mingi. Lilitoka kwenye kanda likiwa na jina la mtunzi mwingine. Sitaji kundi wala jina, wengine wako hai na ugomvi siutafuti. Baba alitaka kwenda kudai. Ami akamwambia aache. Baba alikasirika mpaka wakanuniana.

Nilipokuwa mdogo nilimuona ami mjinga. Sasa naelewa kwamba alikuwa anamficha mtu. Shairi lile si la mke wake.

Juzi harusini, baada ya Malaika, waliuweka na huo. Watu wakasimama kutunza, kila mwenye lake moyoni anatoa noti anamwendea shoga yake. Mke wa ami alikuwepo. Alikaa kimya, anaangalia chini, anakunja na kukunjua ncha ya kanga. Mimi nikawaza: katika ukumbi huu wa watu mia na zaidi, sisi wawili watatu tu tunajua maneno haya yametoka kwenye kichwa cha nani. Tukifa sisi, basi. Na huyu atakuwa kama wale wanaume wanne wa Malaika, tofauti yake yeye hata hatatajwa kwenye ubishi.

Jumamosi asubuhi nikaenda kwake. Nikamkuta anaota jua, nikamwamkia, nikaa chini mkekani. Nikazunguka zunguka, mara habari za chuo, mara bei ya boti. Mwisho nikamuuliza daftari lipo? Akanyamaza kitambo. Akaingia ndani, akatoka nalo limefungwa kwenye mfuko wa plastiki. Mchwa wamekula pembe mbili. Nikajaribu kusoma, herufi za Kiarabu nilizosomea chuoni utotoni bado zinanijia lakini polepole, na mwandiko wa ami ni wa haraka. Nilihesabu mashairi 31 yanayosomeka.

Nikamwambia nataka niyaandike upya kwa herufi hizi za kisasa, niweke jina la ami juu ya kila moja, halafu niulize namna ya kuyaandikisha. Nikamwambia lakini sifanyi bila ruhusa yako, kwa sababu... nikashindwa kumalizia. Yeye akamalizia.

"Kwa sababu ya yule."

Nikasema ndiyo.

Akasema: "Weye andika jina lake. Jina la huyo mwingine liache lilipo. Hata ami yako hakuliandika."

Kweli nimelitafuta kwenye boti leo, ukurasa kwa ukurasa, upepo unanipulizia. Halimo.

Basi wapendwa, ndo hayo. Daftari liko chini ya mto wangu, nimelizungushia kanga. Nimeanza na shairi la kwanza, beti 6, neno moja silisomi kabisa, limeliwa na mchwa. Nitaliacha wazi hivyo hivyo. Mwenye mzee wake aliyetunga, hebu mwende akamuulize wiki hii hii, mwenzenu nimechelewa. Tukutane kesho baada ya semina kama nitakuwa hai.

Wasalaam.